Mbegu za marakuja

Rosine, uko? Nimetoka shule sasa hivi.

Leo darasani niliwasimulia watoto ile hadisi ya Wagiriki, ya Persefone, binti aliyeibwa na mufalme wa wafu akapelekwa chini ya udongo. Alikula mbegu za komamanga kule, ndiyo maana hakuweza kurudi kwa mama yake kwa kudumu. Komamanga hapa Kasongo utaitoa wapi? Nikakata matunda ya marakuja, nayo yana mbegu nyingi, kila mutoto akapata mbegu zake. Walifurahi, weee!

Mwamvita peke yake akatema zake. Yule aliyetoka Salamabila, baba yake alifunikwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu, hawakumutoa. Nilisahau, Rosine. Nilisahau kabisa!

Akaniuliza pole pole: « Madamu, mutu akikula kule chini, harudi? »

Na mimi mujinga nikajibu nikicheka: « Harudi! »

Rosine, nilicheka.

Akasema: « Siku ile ni mimi nilimufungia papa yangu wali na mboga ya sombe, akule mule ndani ya shimo. »

Nikamukumbatia. Nikamuambia ni hadisi tu, mwanangu, ni uongo wa watu wa zamani.

Akaniangalia.

« Lakini papa hakurudi, Madamu. »