Ubao wa Jikoni

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila juzi nilianguka kazini. Nilikuwa nashona kola, nikashtukia niko sakafuni, msimamizi ananipepea kwa kipande cha kitambaa. Aliniuliza tangu jana nimekula nini, nikamwambia sijala. Amesema nikianguka tena ananiondoa kwenye mashine.

Chakula kipo, Mama. Nikirudi nafungua kabati naona mchele, maharage, mayai, viazi. Nianze na kipi? Niloweke, nimenye, au kwanza nioshe sufuria? Nasimama hapo mpaka miguu inauma, kisha nafunga kabati na kulala njaa. Nimechoka kujiita mvivu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo hautaki ndoo, mengine salama. Mimi niliyepikia shule nzima miaka ishirini na sita, mwanangu aanguke kwa njaa na kabati limejaa? Nimekuandikia mapishi thelathini, kurasa nne mbele na nyuma. Wewe chagua tu.

Mama yako

2 Aprili

Mwanangu, hujambo? Kimya chako kinaninyima raha. Mapishi yalifika?

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Yalifika. Niliyasoma yote nikalia. Kabatini vilikuwa vitu vinne vya kunishinda, ukaniongezea thelathini. Jana nilianguka tena. Msimamizi alikuwa ametoka, wenzangu wakanificha. Sijui watanificha mara ngapi.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Hili hata marehemu baba yako hakulijua. Unakumbuka nyumbani mlikula kile kile cha wanafunzi? Mlinicheka kwamba nimeolewa na kazi. Kumbe bila ule ubao wa jikoni shuleni, ulioandikwa chakula cha kila siku ya juma, nilikuwa nasimama mbele ya jiko kama wewe, mpaka mnalia njaa. Ndiyo maana niliunakili. Sikuchagua, nilisoma nikatii.

Nakutumia nakala. Bandika jikoni, yale mapishi yachome. Kila siku mstari wa kwanza ni mmoja: washa jiko. Jumamosi na Jumapili ni tupu, maana siku hizo shule haikuwa na masomo. Hizo hata mimi zinanishinda mpaka leo, huwa nakunywa chai tu.

Mama yako

23 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo Alhamisi, ubao umesema dengu. Zimeungua chini, nikazila hivyo hivyo. Wiki hii sijaanguka.

Sasa chukua kalamu, uandike kwenye ubao wako: Jumamosi mayai, Jumapili viazi. Usiniulize kwa nini mayai. Saa saba mchana washa jiko, nami nitakuwa nawasha la kwangu. Chai peke yake sitaki kuisikia.

Mwanao