Saa Mbili na Nusu Mpaka Kinshasa

Goma, Majengo
Tarehe 14 Septemba 2025

Ndugu yangu mupendwa Buhendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Muko aje huko Kinshasa? Muke wako Lucie, mugongo wake umepoa? Na binti yako Christa, bibi arusi wetu, anakula vizuri? Sisi hapa tuko, Mungu anatulinda. Mvua imeanza, na goti langu linaijua kabla ya wingu.

Nakuandikia kwa mukono, kisha nitapiga picha nikutumie kwa simu, juu nikiongea nitalia, nawe utanikata maneno kama kawaida yako.

Ulinitumia sauti: "Yaya, dada yangu, nimeangalia kwa telefone, Goma mpaka Kinshasa ni kilometa elfu moja mia tano na kitu, saa mbili na nusu kwa ndege. Unashindwa na nini?" Mwanaume wewe! Maharagwe yangu hayaivi kwa saa mbili na nusu. Telefone yako haikukuambia kama kiwanja cha ndege cha hapa kimefungwa tangu vita ya mwezi wa kwanza? Zamani ndege zilipita juu ya mabati yetu, tunanyamaza mpaka zipite. Sasa tunaongea bila kukatizwa, na mimi sipendi.

Njia iliyobaki ni kuvuka Rwanda, bus mpaka Kigali, ndege mpaka Nairobi, kungoja huko, ndipo Kinshasa. Karibu siku mbili, mutu anazunguka inchi za wengine ili afike katika inchi yake.

Hata hivyo nilijaribu. Wiki iliyopita nilifika mupakani na valizi, nimevaa kikwembe, kitenge changu kipya cha arusi, ili kisikunjamane. Askari akafungua paspoti yangu, akaniuliza kama ninajua kusoma tarehe. Ilikwisha mwezi wa tatu. Miaka yote niliiweka ndani ya Biblia, safi kabisa, sikuifungua hata siku moja. Na kwa sasa hapa hakuna pa kupata mupya. Nilirudi na kikwembe changu, majirani wakiniangalia. Nilisikia haya.

Unasema mutaningoja, juu kwetu binti hatoki kwa baba yake bila shangazi kumushika mukono. Ni kweli. Lakini mumekwisha kusogeza arusi mara mbili, na wazazi wa kijana wamechoka. Njia itafunguka lini, sijui. Anayesema anajua, ananidanganya.

Musiningoje tena. Nshobole, binti ya baba yetu mudogo, amushike Christa mukono. Ana maneno mengi, lakini naye ni shangazi wa damu. Inaniuma kuandika jina lake pahali pangu, sitakuficha. Mimi nimefungwa hapa. Mutoto asifungwe pamoja nami.

Nisalimie Lucie, na jirani zenu Bashige na muzee Darius. Mungu awape arusi bila mvua na ndoa bila machozi.

Dada yako mukubwa anayekupenda,
Nabintu