Nilivyopanda Darini Nikiwa Kwenye Eda

Baba Rukia wangu,

Tukipita makaburini huwaamkia waliolala, basi nami nakuamkia kwanza, ndipo niseme lililonileta. Pangaboi lako la umeme wa upepo lingali darini, huko juu ya nyumba, na lingali lazunguka. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua. Ungeipitia barua nzima mbio mbio ukilitafuta hilo tu, na mimi nataka unisome taratibu.

Naiandika wazi, asome atakaye, maana hapa Mji wa Kale habari ikitoka mlango mmoja hufika mlango wa tatu imeshavaa nguo nyingine. Wako wasemao kwamba mafundi walikuja na gari lao kutoka Kizingo wakalitengeneza. Wako wasemao lilipona lenyewe kwa baraka zako. Baraka zako sizikani, lakini beringi haijipaki grisi yenyewe. Aliyelitengeneza ni mimi, mkeo, na nilikuwa ndani ya eda yako.

Acha nianzie mbali kidogo, kwa vile kukumbuka nawe ni raha niliyobakishiwa.

Ulipostaafu kufundisha jiografia kule Ganjoni niliingiwa na hofu. Mwanamume aliyekosa pa kwenda asubuhi huanza kupanga upya vyombo vya jikoni. Mola akanisitiri, akakuletea Katana, mwanafunzi wako wa zamani, mtu wa Kaloleni afanyaye kazi bandarini. Jumapili yuko kanisani kwake na Ijumaa yuko barazani kwetu. Mkawa mwaketi baada ya alasiri, wewe na yeye na wengine wawili watatu, mkizungumza mafuta ya mimea na upepo na jua, na vipi taka za sokoni zaweza kutoa gesi ya kupikia. Wapita njia walidhani ni siasa. Wakikaribia wakasikia "volti", wakaenda zao. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha na birika la kahawa, nikisikiza. Hamkuniuliza neno, nami sikuwaambia kwamba nasikia.

Mafuta ndiyo yaliyotangulia. Uliwazunguka wauza viazi karai na bajia wote kuanzia kwetu hadi karibu na Ngome ya Yesu, ukiwaomba mafuta waliyokwisha kukaangia, mpaka nikawa nikikuona njiani napita upande wa pili. Ukayachuja kwa kitambaa changu cha tui, jambo ambalo sikukusamehe mpaka uliponiletea kingine, ukayachanganya na dizeli, ukayatia kwenye jenereta la msikiti. Nakumbuka ulivyoingia jikoni mikono myeusi. "Mama Rukia, limewaka!" ukasema.

Kisha ikaja Ramadhani. Siku moja stima ikakatika alasiri, jenereta likawashwa, mafeni yakazunguka, na moshi wa bajia ukaingia msikitini kwa madirisha yote. Watu wamefunga, jua kali, na safu nzima inanukia kitunguu na pilipili. Imamu alipomaliza kusalisha akakuita pembeni. "Maalim," akakwambia, "kwa upepo twakushukuru, lakini hayo mafuta yako yangoje Idi." Ulinisimulia wakati wa kufuturu ukicheka hata tende ikakupalia. Kosa lile lilikuwa la mtu aliyejaribu, na mimi nilikuonea fahari siku ile ile, ingawa nilikuambia umetuaibisha.

Idi ilipofika ulikuwa umeshahamia kwenye upepo. Wewe na Katana mkaokota mota ya mashine ya kufulia iliyotupwa, mkachonga mapanga matatu kwa bomba la plastiki, mkatia mkia wa bati ili pangaboi lijielekeze lenyewe kule utokako upepo, mkalisimamisha juu ya mlingoti wa chuma darini kwetu, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Umeme wake uliingia kwenye betri ya gari, na betri ikawasha taa moja ya kichochoroni, pale penye kona na vile vidato vilivyobomoka. Taa moja tu. Lakini tangu hapo hakuna mzee aliyeanguka pale akienda kusali alfajiri, hata mtaa mzima ukiwa kwenye giza.

Tatizo likawa dari yenyewe. Darini kwetu ni mahali pa wanawake. Pale ndipo tunapoanika nguo na kukausha nywele, na ukisimama pale waona hadi uani kwa majirani. Mwanamume hapandi bila kupiga ukelele, na wewe ulikuwa na wako: "Wenye nyumba, jistirini! Mwalimu apanda!" Halafu ungesimama ngazini ukingoja. Jirani yetu Bi Mwanajuma alikuwa akikukalisha makusudi. Alijibu "Bado!" ilhali amejifunga buibui zamani, anakunywa chai yake. Na ilikubidi kupanda mara kwa mara, kwani pangaboi likigeukageuka kuufuata upepo, waya wake ulijisokota kwenye mlingoti, na usipousokotoa ungekatika. Waya ule ulikuhangaisha. Ulishuka kila mara ukijifuta jasho na kusema, "Hili nitalipata tu."

Hukulipata. Mola alikutaka mapema, na mimi nikaingia eda.

Wajua eda yetu ilivyo. Mjane hatoki, hajipambi, hajifukizi udi, na wanaume wasio maharimu wake hawaingii alipo. Katana alikuja kunipa pole akasimama nje ya mlango, akalia kule kule nje, nami nikalia ndani. Rukia wetu alihamia kwangu na kazi yake yote ili nisikae peke yangu. Nguo zako nikazigawa, fimbo yako nikaitoa. Nilijiona nimeweza.

Halafu upepo wa kusi ukashika kasi. Waya ulikuwa umejisokota hata ukaubana mkia, pangaboi likawa haliwezi kugeuka, linazunguka limekaa upande na kupiga unyende uliosikika mpaka sokoni. Katana akaja mlangoni kuzungumza na Rukia, na mimi nikiwa nyuma ya pazia.

"Panga likikatika hapo juu, laweza kumuua mtu kichochoroni," alisema. "Na mimi siwezi kupanda. Mama yuko eda. Mwambieni mjombako wa Likoni, yeye ni nduguye, aje alishushe."

"Aje na msumeno?" Rukia akauliza.

"Na aje nao."

Kaka yangu namjua. Kukata anaweza, kutengeneza hajaumbiwa. Nikaona mlingoti wako umelala uani vipande vipande na taa ya konani imezimika, na moyo wangu ukakataa kabisa.

"Halishuki," nikasema kutoka nyuma ya pazia.

"Na nani atalitengeneza, mama?"

"Mimi."

Kisha Katana akaanza kwa upole, "Mama Rukia, mambo ya huko juu yataka mtu aliye..."

"Aliye nini? Miaka yote hiyo nawasikiza hapo barazani. Mwadhani kahawa ile ilikuwa yaja yenyewe?"

Lakini sikutaka kuivunja eda yako kwa ajili ya chuma chako. Nikamwita Bi Zena, anayetusomesha wanawake dini, nikamuuliza: dari ni ndani ya nyumba au ni nje? Akafikiri, akaomba kahawa, akafikiri tena. "Kwani huwa wapanda kuanika nguo?" Nikamwambia napanda. "Basi dari ni nyumba yako. Jistiri, usijioneshe, na ukisema na wanaume iwe ni la kazi." Nikamuuliza na grisi je. Alicheka mpaka mtandio ukamtoka. "Grisi si manukato, mwanangu. Paka tu."

Siku ya pili yake asubuhi nikapanda. Katana alisimama kichochoroni ameupa ukuta uso kwa heshima, tayari kuniongoza kwa sauti. Nilipofika kidato cha mwisho nikajikuta nimepiga ukelele wako, "Wenye nyumba, jistirini!" Sijui kwa nini, mwanamke hana haja nao. Na Bi Mwanajuma, kutoka darini kwake, akajibu "Bado!" kwa mazoea. Halafu nikamsikia akilia. Ikanibidi nikae kidogo pale ngazini.

"Mama Rukia! Wanisikia? Toa betri kwanza!" Katana akapaza sauti kutoka kichochoroni.

"Nishatoa!"

"Sasa zile nyaya tatu zitokazo kwenye mota, zishikanishe zote pamoja. Hiyo ndiyo breki yake!"

Nikazishikanisha. Pangaboi likapungua mwendo, likawa lajikokota. Nikalirushia leso, nikafunga panga kwenye mlingoti kwa fundo lile tunalofungia mtoto mgongoni. Kufikia hapo kichochoro kilikuwa kimejaa. Mwenye duka alisema nivute, muuza kahawa alisema nisukume, na mmoja ambaye hata sikumjua sauti alisema nishuke nimwogope Mungu. Nikawaambia wote wanyamaze, aseme Katana peke yake.

Ngazi ya mlingoti iliyumba. Mara nikamwona Bi Mwanajuma, yeye aliyekuwa akililaani pangaboi kila likitoa sauti, avuka ukuta mfupi ulio baina ya dari zetu, buibui kalikunja kiunoni, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Panda," akaniambia. "Ukianguka utaniangukia mimi, na mimi ni mnene, hutaumia."

Nikapanda. Nikausokotoa waya mzunguko mmoja baada ya mwingine, nikaunyoosha mkia, nikaifungua beringi iliyokauka, nikaipaka grisi kwa vidole. Niliogopa, Baba Rukia, sikufichi. Lakini mikono ilijua, kwa sababu masikio yalikuwa yamesomeshwa. Nikashuka, nikazitenga zile nyaya, nikairudisha betri, nikaifungua leso yangu. Pangaboi likajigeuza lenyewe kuuelekea upepo na kuzunguka kimya. Kichochoro kizima kikapiga takbiri, na Katana wetu, Mkristo wa watu, akapiga nao bila kujijua. Magharibi taa ilipowaka konani nilisimama dirishani nikatabasamu kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Eda ikaisha. Ijumaa baraza limerudi kama zamani, wanaume nje, sisi wanawake nyuma ya dirisha, ila siku hizi dirisha li wazi na twajibu. Bi Mwanajuma ameshika jambo la gesi ya maganda na mabaki ya samaki, na hakuna anayemweza kwa hoja. Rukia ameuelekeza mfereji wa paa ili maji ya mvua yaingie tangini. Na kwa kuwa dari za mtaa huu ni zetu, mafundi wa upepo wa mtaa huu ni wanawake. Hilo halikuhitaji kikao.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Shule yako ya Ganjoni ilitaka pangaboi kama lako, tukalijenga sisi. Na mimi nilikuwa nimeazimia kwamba hakuna mwalimu atakayepanda tena kusokotoa waya. Nilitafakari nikipika, nikifua, hata nikiwa msalani. Mwisho nikachukua pete tatu za shaba, nikazivisha kwenye shina la pangaboi, na juu ya kila pete nikakalisha kijipande cha kaboni kilichotoka kwenye mota mbovu. Pangaboi likigeuka, pete zageuka nalo, kaboni zateleza juu ya pete, na umeme wapita. Waya wa chini haujui hata kama kuna kugeuka. Kusi yote imepita, kaskazi imeingia, na haujajisokota hata mara moja.

Siku ya kulizindua, mkuu wa shule alinitambulisha kuwa mjane wa Maalim, nami nikashukuru, maana ni jina la heshima. Kisha, kwa kukuenzi, akawaambia wanafunzi kwamba kazi yote ile ni wewe uliyeiacha. Nikanyanyua mkono kama mtoto wa darasani.

"Pangaboi ni lake," nikasema. "Lakini waya ulimshinda. Hili la pete nimelipata mimi."

Niliona haya kidogo kukusema mbele za watu. Halafu haya ikaniondoka, kwa sababu nilijua ungefanya nini. Ungesimama kule nyuma, ukapiga makofi kabla ya wote, na usiku ule mtaa mzima usingelala kwa kusimuliwa habari za mke wako. Nikainua macho kukutafuta. Watoto walikuwa wakipiga makofi, Katana akijifuta macho, Rukia akinipungia mkono, na mimi nikitafuta uso mmoja.

Nimekushinda, Baba Rukia. Na hukuwapo kushindwa.

Hilo ndilo linaloniuma, na ni hilo tu. Yaliyobaki yote ni fahari, yako na yangu. Pumzika, bwana wangu. Hakuna waya unaokungoja.

Mkeo, fundi wa darini,

Mama Rukia