Mafuta ya Nazi Ndani ya Begi la Dharura

Jumapili, mchana. Mvua imekatika tangu asubuhi na Tabora yote inanuka udongo uliolowa. Nimetandika mkeka sebuleni na kumwaga juu yake kila kitu kilichokuwa kwenye begi letu la dharura, vikauke kabla sijalifungasha upya. Moyo wangu umetulia, kama wa mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Begi hili nalifunga kila msimu wa mvua. Mume wangu, Yona, kwao ni Ulyankulu, na barabara ya kwenda huko haiaminiki. Tochi, kamba, panga, kiberiti kwenye mfuko wa nailoni, bandeji, dawa ya kutibu maji, biskuti. Hivyo hatuvigombanii. Tunagombania mfuko wa pembeni, ninakoweka vitu vyangu vidogo: majani ya chai, sukari, tangawizi ya unga, soksi nzito, sabuni inayonukia na kichupa cha mafuta ya nazi.

"Hili begi la dharura au la harusini?" Yona aliniuliza Jumatatu, tulipokuwa tunaondoka kwenda kumchukua mama yake.

Nilifunga zipu ya mfuko. Navipenda tu, basi.

Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yona alimbembeleza kwa miezi mpaka akakubali kuja kupasuliwa hapa, hospitali ya Kitete. Mama si mtu wa maneno mengi. Tangu niolewe, miaka minne sasa, tunasalimiana vizuri na mazungumzo yetu yanaishia hapo. Wakati wa kurudi alikaa kiti cha nyuma, rozari mkononi.

Jioni gari likazama kwenye tope. Yona alienda kwa miguu hadi kijiji cha jirani kutafuta trekta, akarudi amelowa chapachapa. Trekta lingekuja asubuhi.

Mama akasema, "Mungu ameshasema. Kukicha nirudisheni nyumbani."

Yona akambishia, naye akajibu, wakaanza kupandishiana sauti. Mimi niliogopa. Nilijua akirudi safari hii hatakubali kutoka tena, na giza litamkuta palepale.

Nikachemsha chai.

Tulikuwa na jiko dogo la gesi. Niliinua mlango wa nyuma wa gari, nikaliwasha chini yake, mvua isilifikie. Nilitia tangawizi na sukari nyingi. Miguu ya Mama ilikuwa ya baridi kama chuma, nikamvalisha zile soksi. Alikunywa kikombe kizima. Kisha akaanza kuongea, taratibu, kama anajisemea.

"Tulipokimbia Burundi nilikuwa mtoto. Mama yangu alibeba sufuria, mihogo na kitana. Watu walimcheka kwa hicho kitana. Lakini kila asubuhi, kabla hatujaanza kutembea, alinikalisha akanichana nywele. Mimi nikawa naona kama tunaenda kanisani."

Akakiweka kikombe chini. "Tulichokula sikikumbuki. Nakumbuka mikono yake."

Yona alikuwa ameinamisha kichwa kwenye usukani. Baadaye aliniambia kwamba hadithi hiyo hajawahi kuisikia.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mama, naomba nikusuke."

Akafungua kitambaa chake cha kichwa mwenyewe na kunigeuzia mgongo. Kitana sikuwa nacho. Nilimpaka mafuta ya nazi, nikazigawa nywele zake nyeupe kwa vidole, nikasuka pole pole kwa mwanga wa tochi aliyonishikia Yona. Gari zima likanukia nazi. Nilipomaliza alizipapasa kwa kiganja. "Urakoze," alisema, akinishukuru kwa Kirundi. Hajawahi kuniongelesha kwa lugha hiyo.

Trekta lilipotuvuta asubuhi, Yona alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, tunageuza?"

"Tugeuze twende wapi? Nimeshasukwa. Nipelekeni kwa huyo daktari."

Ijumaa muuguzi alimtoa bandeji kwenye jicho la kwanza. Mama alimtazama Yona, akamgusa shavu, akamwambia amekonda. Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu hadi nikaona haya.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Hawa watu hawakuniambia."

Nikacheka, ili auone vizuri.

Sasa hivi ameketi barazani, anatazama watu wanaopita na kuniuliza kwa sauti kila mmoja ni nani, na yule mwenye gauni la njano ni wa nani. Nusu yao siwajui. Mkeka acha ubaki hivyohivyo, begi nitalifunga kesho. Naenda kukaa naye.