Mfungwa aliyemliza Selina

Aluoch upo? Selina ametoka kwangu sasa hivi, yaani sijui nicheke au nilie.

Si unajua kazi yake ya ustawi wa jamii kule gerezani? Kuna mfungwa anamshauri, jina hakunitajia. Aliiba mashine ya mtumbwi wa mama mmoja mjane wa Ilemela, na kila wakikaa anasema hajutii hata kidogo.

Leo kaingia, kainamisha kichwa, kaanza kulia. KULIA Aluoch! Anamtaja yule mama, anataja watoto kulala njaa. Selina naye machozi yakamtoka.

Jamaa akajifuta, akainua uso huku anatabasamu. "Vipi dada, umeamini? Basi na wale watakaoamua nitoke mapema wataamini."

Alikuwa anafanya mazoezi! Kwa Selina!

Selina anasema aibu ilimshika hadi masikioni. Akamwambia, "Kwenye ripoti yangu kwao nitaandika ukweli. Hujajuta."

Jamaa wala hakununa. "Andika. Ila andika pia kwamba wewe sikukudanganya, nimekwambia mwenyewe kuwa ni igizo."

Hapo ndipo Selina kakwama, chai yangu hata hakuigusa. Akiliandika hilo, kwamba jamaa alimwambia ukweli, linaweza kumsaidia mtu asiyejuta. Asipoliandika, mwongo anakuwa yeye.

Mwishowe akanyanyuka. "Naliandika, maana ni kweli. Halafu namwendea yule mama. Akikubali, nitawakalisha uso kwa uso."

Aluoch, mimi yule mama namfahamu, hadanganyiki kwa machozi. Jamaa ajiandae!