Kopo Linalolowa kwa Nje

Jumapili, 1996

Mama Zuhura alikufa Jumatatu. Hitima tumeshasoma. Masomo ya mtoto yalikuwa kazi yake, mimi niliishia darasa la pili.

Zuhura hajashika kitabu tangu maziko, na Jumanne ana mtihani wa sayansi. Leo nikamtilia barafu kwenye kopo la bati. "Haya mwanangu, nifundishe mimi."

Akasema kwa unyonge, barafu ni kitu kigumu, ikiyeyuka ni maji, maji yakichemka ni mvuke. Hayo nayajua, nabeba barafu ya samaki mwaka wa kumi huu. Nikamwonyesha kopo limelowa kwa nje. "Hili nalo lavuja. Yote huvuja. Nimeshagombana na fundi bati mara mbili."

"Halivuji, baba! Maji hayo yametoka kwenye hewa. Mvuke umepata baridi."

Sikuamini. Nikamwaga yaliyomo, nikalipangusa kopo, nikatia maji ya mfereji matupu. Tukangoja. Kavu. Nikatia barafu, likalowa.

"Maskini fundi wa watu!" nikasema. Zuhura akacheka. Kisha akaenda kuchukua kitabu mwenyewe.

Lakini maji yamo hewani, hata humu chumbani? Mbona siyaoni? Sijamaliza kumuuliza.

Kesho narudi kazini.