Alama za Vikombe Mgongoni mwa Dada

Ijumaa jioni, Arua.

Mvua imenyesha tangu mchana na bado haijaamua kuacha. Nimerudi kutoka Koboko nimelowa chapachapa. Nimebadilisha nguo, nimepika chai, na chai yenyewe imepoa mezani bila kuguswa. Leo dada yangu ameniita mchawi mbele ya watu, na mimi nimekubali.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kimevurugika.

Kazi yangu ni kukanda watu. Nilifundishwa na Mama Lin, Mchina mwenye chumba cha ukandaji wa kwao hapa mjini. Wanaokuja husema wanaumwa mgongo: madereva wa malori, wauguzi, akina mama wa sokoni kutoka Pajulu na Manibe. Huanza na mgongo, halafu tunafika kwingine. Mama Lin anaamini huzuni hukaa mapafuni, na kwamba mtu asiyelia hukakamaa hapa kati ya mabega mpaka awe kama ubao. Mimi sijui mambo ya mapafu. Ninachojua ni kwamba nimewaona wanaume wazima wakilia kifudifudi kwenye kile kitanda, kisha wakavaa viatu vyao na kutoka.

Drateru, dada yangu mkubwa, hakuwa amelia.

Kitinda mimba wake, Gloria, alikufa kwa malaria mvua za mwaka huu zilipoanza. Siku ya mazishi mama mkwe wake alimwambia afunge mdomo, kwamba mwanamke anayelia sana huwaita na wengine kaburini. Dada amebakiwa na binti wawili. Akaufunga mdomo.

Wiki iliyopita alikuja kwangu shingo imekakamaa. Ukimwita, anageuka mwili mzima. Hali chakula, halali usingizi. Nikampeleka kazini, nikamkanda kwa mikono yangu mwenyewe, kuanzia shingoni, kisha nikashuka kwa dole gumba kando ya uti wa mgongo, juu ya shuka, taratibu. Mama Lin akamuumika kwa vikombe vya kioo vinavyonyonya ngozi, katikati ya mabega. Tulipovibandua, Drateru akaanza kulia. Alilia kama mtu anayetapika, kitu kinatoka kwa nguvu na hakikubali kuzuiwa. Alimwita mtoto kwa jina. Mama Lin alimshika kisigino tu mpaka akamaliza.

Alilala kwangu hadi jua likawa juu. Alipoamka aliomba ugali wa muhogo na maharage, akala akaramba vidole.

Nilifurahi. Niliona nimempata tena dada yangu.

Vikombe huacha alama, miduara ya rangi ya zambarau, myeusi katikati. Haiumi, hufutika yenyewe. Nilimwambia hivyo alipokuwa akipanda gari la Koboko. Sikufikiria ni nani angeiona kabla haijafutika.

Mama mkwe aliiona alipomkuta akioga.

Leo asubuhi Lemi, mume wa dada, akanipigia simu. "Shemeji, kuja. Wazee iko nangoja wewe." Akakata.

Nilipofika nilikuta watu wamejaa sebuleni. Drateru alikuwa amekalishwa chini kwenye mkeka, amevuliwa blauzi, mgongo umeelekezwa kwa watu, kitenge amekibana kifuani kwa mikono miwili. Kila aliyeingia aliinama, akatazama, akafyonya. Binti zake walikuwa wamesimamishwa ukutani, wameambiwa waangalie vizuri mama yao alivyo.

Wao ni Wakakwa, sisi ni Walugbara. Kwa hiyo tulihukumiwa kwa Kiswahili, ili asipatikane wa kusema hakuelewa.

"Hii ni mdomo ya nani?" mama mkwe aliniuliza. Alikuwa na mwiko mkononi, akagusa duara moja kwa ncha yake, kisha lingine. "Nani iko nakunywa damu ya huyu mutu?"

"Mama, ni vikombe tu," nikasema. "Vinavuta ngozi, damu haitoki. Hata bibi zetu waliumikwa kwa pembe ya ng'ombe."

"Pembe ni ya kwetu. Ya Mchina sisi hapana jua. Huyu alimaliza mjukuu yangu, sasa anapeleka roho yake Arua kuuza."

Nilisahau adabu. Nikamwambia, "Mama, amelia tu. Mtoto wake amekufa, amelia."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Mwanamke mmoja akasema, "Safari yote mpaka Arua kwa kulia? Hapa machozi hakuna?"

Lemi alikuwa amekaa karibu na dirisha, anatazama viganja vyake. Hakucheka.

Baba yake mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo, akatoa neno. Mwanamke arudi kwao leo leo, kabla ya giza. Watoto wabaki, ni wa ukoo.

Hapo Drateru akageuka. Shingo yake iligeuka vizuri kabisa, niliona.

"Si mimi," akasema. Kwa Kiswahili, kwa sauti. "Huyu mdogo wangu Ayikoru alinidanganya. Aliniambia ni dawa ya shingo. Yeye ndiye anajua uchawi, tangu tukiwa wadogo. Mimi sikujua."

Aliyasema hayo akinitazama machoni. Nilitafuta dalili yoyote usoni mwake, kope kucheza, mdomo kutetemeka, kitu cha kuniambia kwamba ni mchezo. Sikuona. Sijui kama hakikuwepo au kama alikificha vizuri.

Ningeweza kubisha. Nikawatazama wale wasichana ukutani.

"Ni kweli," nikasema. "Ni mimi."

Mama mkwe akatema mate miguuni pangu. Akasema nisikanyage tena pale, na Drateru asinipigie simu, na akiulizwa aseme nimekufa. Kisha akamgeukia. "Sema: mimi hapana dada."

"Mimi sina dada," Drateru akasema.

Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Mzee akasema basi, abaki; wakamrushia blauzi yake, akaivaa. Bado ana nyumba. Bado ana watoto. Najua ndicho alichonunua, na najua alilipa kwa kunitoa mimi. Kujua hakunisaidii kitu.

Lemi alinisindikiza hadi barabarani, mvua ikiwa imeshaanza. Nikadhani ataomba radhi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumkatalia. Tulipofika penye bodaboda akageuka kuitazama nyumba, akahakikisha hakuna anayetuona.

"Shemeji," akasema, "mimi pia, tangu mtoto alikufa, usingizi hapana. Hapa iko nabana." Akajishika kifua, kisha akajaribu kufikia mgongoni, mkono haukufika. "Mchina yenu kesho iko? Bila vikombe. Mikono tu. Mama asijue."

Nilitaka kumtemea mate kama mama yake alivyonitemea. Nilitaka kumwuliza yeye alikuwa wapi wakati mke wake akichokorwa kwa mwiko. Nilipanda boda. Nikiwa nimeshakaa, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kuja asubuhi."

Njia nzima hadi Arua nimejiuliza kwa nini. Huruma? Labda. Yule naye amezika mtoto. Labda nataka anipelekee dada neno moja, hata kama dada halitaki. Na kuna sababu ya tatu ambayo si nzuri: nataka alale pale, uso chini, asiweze kuuona wangu.

Mama Lin hufundisha kwamba mkono wenye hasira usimguse mtu. Unasubiri upoe, au unamwachia mwingine.

Kesho ni Jumamosi. Lemi atalala kifudifudi mbele yangu, na mimi sijui mikono yangu itaamua nini.